Sindano, Koo na Kiwambo: Istilahi za Kulinganisha Petroli na Hewa katika Injini Ndogo

Wafasiri wetu wamezoea kudhani kwamba ugumu wa istilahi umo katika sayansi za juu, kama vile fizikia ya atomu au elimu ya tiba. Lakini karatasi moja ya maelekezo, iliyokunjwa ndani ya kisanduku cha injini isiyozidi uzito wa kilo mbili, yaweza kumsumbua mfasiri kuliko sura nzima ya kitabu cha kemia. Kitabu cha kemia kikifasiriwa vibaya, mwanafunzi hukosa alama. Karatasi hiyo ikifasiriwa vibaya, injini hufa siku hiyohiyo, na pengine mtu hukatwa vidole.

Makala haya yanahusu injini za petroli zinazotiwa katika ndege ndogo za mfano, yaani ndege zisizopandwa na mtu ambazo huongozwa kwa redio kutoka ardhini. Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni la nchi za mbali tu. Injini hizo ni ndugu wa tumbo moja na injini za misumeno ya mnyororo na mashine za kukatia majani. Nyingi zilibuniwa kwa kuigwa kutoka kwa mashine hizo, na kabureta zao mara nyingi ni zilezile, hata jina la Walbro lililopigwa mhuri ubavuni ni lilelile. Kwa hiyo fundi anayetengeneza msumeno wa mnyororo huko Mkange, kando ya njia itokayo Mandera kupita Miono kuelekea Saadani, anashika mkononi sindano zilezile anazozishika mrushaji wa ndege za mfano kwingineko duniani. Mvuvi wa pwani ya Bagamoyo mwenye mashine ya boti ya mapigo mawili naye anayajua mengi ya mambo haya, ijapokuwa kabureta yake ni ya namna nyingine kidogo. Kwa sababu hiyo tunaonelea kwamba istilahi za ndege ndogo zisibuniwe ofisini peke yake, bali zianzie pale ambapo kazi inafanywa.

Yafaa kwanza tueleze kinachotendeka ndani ya injini, maana istilahi isiyotanguliwa na maelezo ya kitu chenyewe ni jina lisilo na mwenyewe.

Petroli haiwaki ikiwa peke yake, huwaka ikichanganyika na hewa. Ili gramu 1 ya petroli iungue yote bila kubakisha petroli wala hewa, zahitajiwa takriban gramu 14.7 za hewa. Huo ndio uwiano kamili kwa hesabu ya kemia. Hata hivyo injini haitoi nguvu zake zote katika uwiano huo. Hutoa nguvu nyingi zaidi petroli inapozidi kidogo, yaani kama gramu 12.5 au 13 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Petroli ikizidi sana, moto hupooza na moshi hujaa. Ikipungua sana, moto huwaka polepole na joto hupanda, na katika injini ya mapigo mawili hali hiyo ni ya hatari, kwa sababu petroli inayoingia ndiyo inayoipoza pistoni, na ndiyo iliyobeba oili ya kulainisha pistoni hiyo.

Kazi ya kabureta ni kupima mchanganyiko huo. Hewa hupita katika njia iliyobanwa katikati, ambayo tunaiita koo. Ikifika kooni hewa huenda mbio, kanieneo yake hushuka, na petroli hunyonywa kupitia vitundu vidogo. Katika pikipiki, petroli husubiri ndani ya bakuli lenye boya. Boya hilo ni neno la wavuvi lililohamia gereji, wala hakuna aliyepata kulilalamikia. Lakini bakuli lenye boya haliwezi kufanya kazi katika chombo kinachopinduka. Msumeno hulazwa ubavu, na ndege hupiga pinduapindua angani. Ndipo kabureta za injini hizi zikaacha boya na kutumia utando mwembamba wa mpira unaopanda na kushuka kufuata kanieneo. Utando huo tunauita kiwambo. Jina hili limekaa mahali pake, kwani kiwambo ni kile kilichowambwa, kama ngozi juu ya mzinga wa ngoma, na kila aliyeona ngoma ikiwambwa anajua kwamba ngozi iliyolegea haitoi sauti ya haki. Kiwambo cha kabureta vilevile: kikikakamaa kwa uzee au kikilegea, hakuna sindano itakayoponya injini. Mfasiri asiandike hapa utando bila kufafanua, kwani utando ni jina la vitu vingi, tangu wa buibui hadi wa maziwa.

Sasa tuje kwenye kiini cha taabu, nacho ni neno mafuta.

Katika Kiswahili mafuta ni ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari na ya kulainishia mashine. Dereva hukanyaga mafuta, mpishi hukaanga kwa mafuta, mama humpaka mtoto mafuta. Ukunjufu huu wa neno si kasoro. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha hutenganisha maana bila jasho. Lakini injini ya mapigo mawili ina mafuta ya aina mbili ndani ya dumu moja. Injini hiyo haina hazina ya oili chini yake kama ilivyo injini ya gari. Oili yake humiminwa katika petroli kabla ya safari, kwa kipimo alichotaja mtengenezaji: sehemu 1 ya oili kwa sehemu 32, 40 au 50 za petroli, kwa mfano. Dumu la lita 5 kwa kipimo cha 50 kwa 1 hutiwa mililita 100 za oili, na kwa kipimo cha 40 kwa 1 mililita 125. Huo ni mchanganyiko wa kwanza. Kisha petroli hiyo iliyokwisha kuchanganywa oili huenda kwenye kabureta na kuchanganyika na hewa. Huo ni mchanganyiko wa pili. Basi tuna mafuta mawili na michanganyiko miwili, na jina moja moja tu la kuyaita yote.

Tuseme mfasiri amekuta sentensi inayoagiza kwamba injini ikitoa moshi mwingi na kusitasita, mchanganyiko upunguzwe petroli. Naye akaandika: punguza mafuta katika mchanganyiko. Fundi wa Mkange akipewa karatasi hiyo atafanya nini? Anaona moshi mweupe wenye harufu ya oili. Mbele yake liko dumu alilochanganya kwa mkono wake. Ni jambo la akili kabisa kwake kudhani kwamba mafuta yaliyozidi ni oili, na mchanganyiko unaosemwa ni ule wa dumuni. Atachanganya dumu jipya lenye oili nusu ya kipimo. Sindano hakuigusa, kwa hiyo petroli bado imezidi, ila sasa haina ulainisho wa kutosha. Kidogo kidogo pistoni itakwaruza silinda, na baada ya muda itang'ang'ania humo isitoke. Fundi amefuata maandishi kama yalivyo. Kosa ni la maandishi.

Kuna na kinyume chake, ambacho huwapotosha hata watu waliosoma. Mtu akiambiwa auongezee nguvu mchanganyiko, huenda akaongeza oili dumuni. Ajabu ni kwamba kufanya hivyo hupunguza petroli inayofika kwenye moto: katika kila tone linalopita, sehemu kubwa zaidi ni oili, na tone lenyewe limekuwa zito zaidi hata linapita kwa shida katika tundu la sindano. Aliyeongeza oili akidhani anaikoleza petroli, kumbe ameipunguza.

Kwa ajili hiyo tunapendekeza jambo ambalo huenda likaonekana la ukali: katika maelekezo yote ya injini za mapigo mawili, neno mafuta lisitumike kabisa. Yaandikwe petroli na oili, maneno mawili ambayo kila fundi wa Tanzania anayatumia na ambayo hayajapata kugombana. Na neno mchanganyiko likitumika, litajwe kila mara ni wa nini na nini. Kwa dumu tuseme kipimo cha oili. Kwa kabureta tuseme mchanganyiko wa petroli na hewa. Wahariri wa shule ya zamani watasema kwamba maneno yamezidi. Tunajibu kwamba katika shairi mtu hubana maneno, lakini katika karatasi ya mashine mtu hubana hatari.

Linalofuata ni namna ya kutaja hali mbili za mchanganyiko wa petroli na hewa. Kiingereza huuita ule wenye petroli nyingi kwa neno lenye maana ya tajiri, na ule wenye petroli kidogo kwa neno lenye maana ya kukonda. Wako wafasiri waliochukua picha hizo kama zilivyo. Sisi hatuoni kama zinafaa. Tajiri katika pwani yetu si mwenye mali tu, ni mfanyabiashara na ni mwenye chombo, yule ambaye nahodha humpelekea hesabu. Na konda siku hizi ni yule kijana anayening'inia mlangoni mwa daladala. Msomaji ataelewa baada ya kufikiri, lakini maelekezo mazuri ni yale ambayo mtu huyaelewa kabla ya kufikiri, injini ikinguruma mbele yake.

Pendekezo la pili ni mzito na mwepesi, kwa mfano wa uji. Picha hii ni ya kwetu na inaeleweka upesi. Ubaya wake tumekwisha kuuona: petroli yenye oili nyingi ni nzito kwelikweli mtu akiitikisa dumuni, na hivyo tunarudi palepale tulipotaka kutoka.

Sisi twaegemea kitenzi kukolea. Chai hukolea sukari, mchuzi hukolea chumvi, nguo hukolea rangi. Kukolea ni kwa kitu kilichomo ndani ya kingine kwa wingi, nacho kitu hicho hutajwa. Mchanganyiko uliokolea petroli basi ni ule wenye petroli nyingi kuliko inavyohitajiwa, na kukoleza petroli ni kuongeza petroli katika hewa. Kinyume chake tuseme mchanganyiko uliopungukiwa petroli. Hakuna ulinganifu mzuri wa sauti kati ya maneno haya mawili, nasi tunajua kwamba wapenzi wa istilahi hupenda jozi zinazofanana kama pacha. Hata hivyo jozi zinazofanana sana huchanganywa kwa urahisi, na hapa kuchanganya ni ghali. Tahadhari moja ni lazima iwepo. Katika Kiswahili pia hukolezwa moto, na anayekoleza moto huongeza joto, hali anayekoleza petroli katika injini hii huipoza. Kwa hiyo kitenzi koleza kisiachwe peke yake. Iandikwe kila mara koleza petroli.

Kabla hatujaziendea sindano, neno moja kuhusu jina la injini yenyewe. Wamarekani huita petroli kwa jina fupi ambalo kwetu limekuwa gesi. Mfasiri asiye na habari huandika injini ya gesi. Katika nchi ambayo Dar es Salaam ina magari yanayotumia gesi asilia, kosa hilo si dogo. Aidha, ziko injini nyingine za ndege za mfano ambazo haziwashwi kwa petroli kabisa, bali kwa methanoli iliyochanganywa na oili, na mara nyingi na nitromethani. Oili yake kwa miaka mingi ilikuwa ya mbarika, mmea ambao wengi tunauita mnyonyo na ambao huota wenyewe kwenye viambaza vya vijiji vyetu. Injini hizo hazina plagi ya cheche, zina waya mdogo unaobaki mwekundu kwa joto. Mtu akitia petroli humo hataruka, na akitia methanoli katika injini ya petroli ataharibu kiwambo. Kwa hiyo jina liwe kamili: injini ya petroli yenye plagi ya cheche.

Kabureta ya injini hizi ina sindano mbili, zenye ncha kali upande wa ndani na mfuo wa bisibisi upande wa nje. Sindano moja hupima petroli injini inapozunguka polepole, nyingine inapokwenda kasi. Ubavuni pamepigwa mhuri wa herufi L na H. Wafasiri wengi, kwa kufuata maana ya neno la asili, wameandika sindano ya chini na sindano ya juu. Fundi hutazama, huona sindano mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, au huona injini imefungwa kichwachini ndani ya pua ya ndege hivi kwamba ya juu imekuwa chini. Tuseme basi sindano ya mwendo wa taratibu na sindano ya mwendo wa kasi, na herufi L na H ziachwe kama zilivyo kwa sababu ndizo jicho linaloziona katika chuma.

Kuhusu kuzungusha, kitenzi kinachosikika sana ni kukaza na kulegeza. Kwa parafujo inayoshika bati, hakuna neno bora. Kwa sindano ni neno la kuogopwa. Anayeambiwa akaze hukaza, na mkono wa fundi umezoea kukaza hadi mwisho. Ncha ya sindano ikisukumwa kwa nguvu ndani ya kikalio chake hujikunja au hupanua tundu, na tangu hapo haipimi tena. Sindano si parafujo, ni mlango. Tuseme kufunga na kufungua, na tutaje kadiri: robo ya mzunguko, thumuni ya mzunguko. Thumuni ni neno tulilolikaribia kulisahau tangu sarafu yake ilipotoweka mikononi, lakini hakuna kipimo kinachotajwa mara nyingi zaidi katika kazi hii. Kufunga ni kwa kuzungusha kufuata mwendo wa akrabu za saa, na hupunguza petroli. Kufungua ni kinyume chake, na hukoleza petroli.

Hebu sasa tuandike maelekezo yenyewe kwa istilahi hizi, ili wasomaji waone kama zinabeba mzigo.

Kabla ya kuwasha, funga kila sindano polepole hadi iguse tu kikalio, kisha uifungue kwa idadi ya mizunguko aliyoitaja mtengenezaji, ambayo mara nyingi huwa kati ya 1 na 2. Funga choki, zungusha injini hadi ipige mara ya kwanza, fungua choki, uiwashe na uiache ipate moto. Injini baridi hudanganya. Anza na sindano ya mwendo wa taratibu. Iache injini izunguke polepole kwa muda, halafu fungua hewa kwa ghafla. Ikizima papo hapo bila moshi, au ikasita kama iliyokabwa, imepungukiwa petroli: fungua L kwa thumuni ya mzunguko. Ikiguguma, ikatoa moshi na kupanda kasi kwa uvivu, imekolea kupita kiasi: funga L kwa kadiri hiyohiyo. Rudia hadi ipokee bila kusita. Kisha fungua hewa yote, na ufunge H kidogo kidogo ukisikiliza. Kasi itapanda hadi mahali ambapo haipandi tena. Usibaki hapo. Fungua H tena mpaka kasi ishuke kwa mizunguko 200 au 300 kwa dakika. Mwisho urudi kwenye L uijaribu upya, kwa kuwa katika nyingi ya kabureta hizi petroli ya njia ya taratibu huendelea kutiririka hata injini inapokwenda kasi, hivyo mguso wa sindano moja huisogeza na nyingine.

Agizo la kutobaki katika kasi ya juu kabisa linahitaji sababu, la sivyo msomaji atalipuuza. Ndege ikiwa ardhini, rafadha husukuma hewa iliyosimama. Ikiwa angani, hewa inakuja yenyewe, mzigo hupungua na injini huenda mbio zaidi. Injini iliyowekwa ukingoni mwa upungufu ikiwa chini, itauvuka ukingo huo ikiwa juu, mahali ambapo hakuna bisibisi. Ndiyo maana warushaji huinua pua ya ndege kuelekea mbinguni injini ikiwa katika kasi kamili. Kasi ikipanda kidogo na kutulia, ni sawa. Ikianza kulia kwa sauti kali na kufifia, petroli haitoshi.

Hapa tumetumia neno rafadha, nalo lina mpinzani. Mabaharia na mafundi wa boti wana rafadha, na mijini watu wengi husema pangaboi, jina lililoenea kwa vipepeo vya darini na kwa helikopta. Tunaipendekeza rafadha katika maandishi rasmi, kwa kuwa ina maana moja tu na haina mzaha. Lakini katika maonyo ya usalama tusione haya kuandika pia pangaboi, maana msemaji husikia panga ndani yake, na kwa rafadha inayozunguka mara 7,000 kwa dakika hilo ndilo jambo tunalotaka alisikie. Onyo nalo liandikwe kwa uangalifu. Simama nyuma, peke yake, haitoshi: nyuma ya ndege, au nyuma ya msaidizi? Tuandike: simama nyuma ya rafadha, usisimame ubavuni mwake wala mbele yake, wala usipitishe mkono juu yake kuifikia sindano. Rafadha ikivunjika vipande hurukia ubavuni. Kwa hiyo watazamaji nao hawaruhusiwi kukaa sambamba nayo, na ndege ifungwe au ishikwe na mtu mwingine.

Yamebaki maneno ya gereji, ambayo baadhi ya walimu hutaka yafagiliwe yote. Hatukubaliani nao kwa jumla, ingawa kila neno lina kesi yake. Injini inayokosa mpigo mmoja mmoja husemwa kwamba inamisi. Neno hili limeingia, linanyambulika vizuri, na halina mbadala uliozoeleka. Libaki. Kupiga resi, kwa maana ya kuongeza kasi ya injini iliyosimama mahali pamoja, vivyo hivyo. Taabu ipo kwa sailensi. Katika Kiingereza neno hilo linahusu ukimya, na ndugu yake ni kile chombo cha kupunguza kelele kilicho kwenye bomba la moshi. Mafundi wetu wamelifanya kuwa jina la mzunguko wa taratibu: gari likiwa sailensi linatetemeka, pandisha sailensi, shusha sailensi. Maana imehama kabisa, wala si dhambi, maneno huhama. Lakini injini ya ndege ina vyote viwili, ina mzunguko wa taratibu na ina bomba la kupunguza kelele, na mtu akisoma kaza sailensi hajui kama ashike sindano au nati za bomba. Katika maandishi iwe mwendo wa taratibu. Katika mazungumzo, fundi na aseme atakavyo.

Kunoki ni neno zito zaidi. Kwanza lilitaja mlio wa kugonga ndani ya injini. Sasa injini imenoki hueleweka kuwa imekufa, haifai. Baina ya mlio na mauti kuna nafasi, na nafasi hiyo ndiyo yenye faida kwa mwenye mashine, kwa kuwa anayesikia mlio mapema aweza kuokoa kitu. Tunashauri kugonga kwa mlio, na kung'ang'ania kwa pistoni iliyokamatwa ndani ya silinda kwa joto au kwa kukosa oili. Kunoki lisitumike katika karatasi ya maelekezo, maana wasomaji wawili watalielewa kwa namna mbili.

Plagi ndiyo shahidi anayekuja baadaye. Ikitolewa baada ya mruko wa kasi, rangi ya kahawia huonyesha kwamba mchanganyiko u sawa, nyeusi yenye unyevu kwamba petroli imezidi, nyeupe kama majivu kwamba imepungua. Rangi hizi zina majina ya Kiswahili yasiyo na utata, na kwa mfasiri hapa ni mahali pa kupumzika.

Jambo la mwisho linawahusu hasa wanaotoa maelekezo kwa nchi nzima. Karatasi nyingi huandikwa kana kwamba hewa ni moja kila mahali. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kwa uzito kwa kama asilimia 15 ikilinganishwa na ya pwani katika hali ileile ya joto. Injini iliyolinganishwa Arusha imefungwa sindano zaidi, ili petroli isizidi hewa hiyo nyepesi. Ikiletwa Bagamoyo au Mkange, sindano zikiwa palepale, hewa inaingia nyingi zaidi na injini inapungukiwa petroli. Joto la mchana wa pwani hurudisha tofauti kidogo, kwani hewa ya moto ni nyepesi, lakini asubuhi ya Julai, upepo wa kusi ukivuma, upungufu huwa dhahiri. Anayetoka pwani kwenda bara hupata moshi na uvivu tu. Anayeshuka kutoka bara kwenda pwani ndiye mwenye hatari, naye haoni dalili yoyote isipokuwa sauti nzuri ya kasi. Kwa hiyo katika tafsiri yoyote itakayotumika pande zote mbili, iongezwe sentensi hii hata kama asili haina: ukishuka kutoka nyanda za juu, fungua sindano ya H kwa thumuni ya mzunguko kabla ya kuwasha, kisha ulinganishe upya.